Kuaka, Kukandika, Kuezeka: Maumbile na Usanifu wa Majengo katika Kiswahili cha Sera za Makazi

Neno asili limebebeshwa kazi nyingi katika Kiswahili cha leo. Mtaalamu wa misitu huzungumzia uoto wa asili, akiwa na maana ya mimea iliyoota pasipo kupandwa na mtu. Wizara za afya huzungumzia tiba asili, yaani maarifa ya uponyaji yaliyorithiwa. Vikundi vya burudani hutangaza ngoma za asili, na wakulima hutafuta mbegu za asili. Katika mfano wa kwanza asili ni kile ambacho mkono wa binadamu haujakigusa. Katika ngoma asili ni kazi ya binadamu tupu, ila ni kazi ya zamani. Kwa kawaida msomaji hapotei, kwa sababu muktadha humwongoza. Utata huanza pale neno hili linapoambatanishwa na jengo, kwa kuwa ndani ya jengo maana zote mbili zimo kwa pamoja: udongo, mti na jiwe kwa upande mmoja, na mazoea ya mikono kwa upande mwingine. Nyumba ya asili ni ile iliyojengwa kwa vitu vilivyotoka ardhini, au ni ile iliyojengwa kama walivyojenga mababu? Na je, ikiwa na sifa ya kwanza bila ya pili, bado ni ya asili?

Swali hili si la wanaleksikografia peke yao. Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu mwaka 2017. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha hatua kama hiyo mwaka 2022. Na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, imekabidhiwa jukumu la kuikuza lugha hii katika jumuiya nzima. Kadiri lugha inavyoingia katika nyaraka za makazi na mipango miji, ndivyo maneno yake yanavyoanza kuamua nyumba ya nani itahesabiwa kuwa nyumba. Makala hii inahakiki jinsi uhusiano wa maumbile na usanifu wa majengo unavyosemwa kwa Kiswahili, kwa kuusoma pamoja na majengo manne yanayosifiwa mara kwa mara kwa ukaribu wake na maumbile. Hoja yake ni kwamba sifa ya asili hutazama kitu ambacho ukuta umetengenezwa nacho na kuishia hapo, ilhali uhusiano wenyewe umo katika matendo yanayorudiwa: kukata na kuacha miti ichipue, kukandika upya baada ya masika, kuezeka kila nyasi zinapochakaa. Kiswahili kina vitenzi vya matendo hayo. Lugha ya sera haivitumii.

Mti unaopima chumba

Mfano unaojulikana zaidi ni nyumba ya mawe ya mwambao, na mahali pa kuitazama ni mji wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Kuta zake ni za matumbawe na chokaa, na chokaa yenyewe hupatikana kwa kuchoma matumbawe. Dari hubebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti haiwezi kuvuka nafasi pana bila kupinda, vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba, na upana wake hauzidi sana mita mbili na nusu. Mpangilio mzima unaofuata hapo, msana mmoja nyuma ya mwingine, kisha ndani, ukiingia kila hatua katika faragha zaidi, umejengwa juu ya kipimo ambacho hakikuchaguliwa na fundi. Kimetolewa na mti.

Wafanyabiashara wa mikoko huko Lamu waliupa kila unene jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Miti ilihesabiwa kwa korija, ishirini ishirini. Majina hayo ni zaidi ya orodha ya bidhaa, kwa maana yanaueleza msitu kwa kadiri ya umri wake. Anayekata pau leo anajua kwamba hatakuwa na boriti mahali pale kwa miaka kadhaa. Kutoka katika neno pau Kiswahili kimepata kitenzi kupaua, ambacho siku hizi hutumiwa na mafundi wa bara wanaopigilia mabati juu ya mbao za msonobari, mamia ya kilomita kutoka mkoko ulio karibu. Kitenzi kimesafiri na kuuacha mti wake nyuma.

Mti wenyewe nao ulisafiri, lakini kuelekea upande mwingine. Kwa muda mrefu majahazi yalibeba boriti za Lamu na za delta ya Rufiji hadi nchi za Ghuba, ambako miti mirefu ya kujengea ni adimu. Nyumba za kale za Kuwait na Bahrain zina vyumba vyembamba kwa sababu ile ile ya vyumba vya Lamu. Biashara hiyo ndiyo inayoharibu sifa rahisi ya kwamba nyumba ya vifaa vya asili ni rafiki wa maumbile. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi, na haikufanya hivyo kwa sababu boriti zilikuwa za kiwandani. Tanuri ya chokaa nayo hula kuni nyingi, na matumbawe hayachipui kama mkoko. Mhakiki anayeiita nyumba ya Lamu nyumba ya asili amesema kweli kuhusu ukuta, lakini hajasema lolote kuhusu msitu. Msamiati wa wakataji, wenye kutofautisha fito na nguzo, umesema zaidi.

Mkaratusi wa Muyinga

Maktaba ya Muyinga, kaskazini mashariki mwa Burundi, ilikamilika mwaka 2012 kwa ajili ya shule ya watoto viziwi. Wasanifu wake, BC architects, wana makao Brussels. Kuta ni za matofali ya udongo yaliyoshindiliwa kwa mashine za mkono pasipo kuchomwa. Paa ni la vigae vilivyotengenezwa huko huko. Na juu ya chumba cha kusomea umetandazwa wavu mkubwa wa kamba za mkonge ambamo watoto hulala na kitabu. Upande mmoja wa jengo kuna ukumbi mrefu wenye kivuli, ulio baraza na njia kwa wakati mmoja. Ukumbi wa namna hii ni jambo la kawaida katika nyumba za Burundi, na hapa umepewa heshima ya kuwa sura ya jengo.

Maktaba hii husifiwa kwa kutumia vifaa vya asili vya mahali. Sifa hiyo inastahili kupekuliwa, maana boriti za paa lake ni za mikaratusi, na mkaratusi ni mti wa Australia. Uliletwa Afrika Mashariki na ya Kati wakati wa ukoloni, ukapandwa milimani kwa kuni na nguzo, na leo umezoeleka mno kiasi kwamba kijana wa Burundi anaweza kudhani umekuwepo tangu enzi za wafalme. Kwa maana ya uoto wa asili, mkaratusi si wa asili. Kwa maana ya ngoma za asili, pia si wa asili. Hata hivyo jengo la Muyinga ni jengo lenye uaminifu kuliko mengi yaliyobandikwa sifa hiyo, na uaminifu wake unaonekana katika nguzo. Nguzo zimepangwa karibu karibu kwa sababu mkaratusi mwembamba hauwezi kubeba nafasi pana, na wakati huo huo zinaegemeza kuta ndefu za udongo. Fundi wa Lamu angeisoma ramani ya maktaba hii bila mkalimani. Mti tofauti umetoa amri ya namna ile ile, na msanifu ameitii badala ya kuificha kwa zege.

Paa la jengo hilo limeteremshwa nje ya ukuta kwa kiasi kikubwa ili mvua isiyafikie matofali. Hapa lugha inarudi kuwa suala. Katika Kiswahili cha mafundi, tofali lisilopita motoni huitwa tofali bichi. Neno bichi ni la jikoni na la shambani: ndizi mbichi, nyama mbichi, kuni mbichi. Kitu kibichi ni kitu kinachosubiri. Tofali la Muyinga halisubiri moto wowote, limekamilika, na paa lake limesanifiwa kwa ajili ya ukamilifu huo. Lakini afisa anayesoma katika fomu kwamba shule fulani ina kuta za matofali mabichi atakuwa ameshahukumu kabla ya kufika eneo la ujenzi, na huenda akaagiza tanuri. Tanuri za matofali ni miongoni mwa walaji wa kuni katika vilima vya Burundi, Rwanda na Uganda. Kivumishi kimoja kinaweza kukata miti.

Upepo wa Butaro

Hospitali ya Butaro, wilayani Burera, kaskazini mwa Rwanda, ilifunguliwa mwaka 2011 ikiwa na vitanda 150. Iliyoisanifu ni MASS Design Group, pamoja na Wizara ya Afya na shirika la Partners In Health. Picha zake zilizosambaa zaidi ni za kuta za mawe meusi ya volkano, yaliyochongwa kwa mkono na kupangwa kwa ustadi hata udongo wa kuyaunganisha hauonekani. Kwa wakulima wa eneo hilo mawe hayo yalikuwa kero ya jembe. Katika masimulizi ya wasanifu wenyewe, waashi walizidi kuwa hodari kadiri kazi ilivyosonga, na ukuta wa mwisho hauko sawa na wa kwanza.

Mawe ndiyo yanayopigwa picha, lakini uhusiano mzito zaidi na maumbile katika hospitali hii hauonekani kwenye picha: ni hewa. Kifua kikuu huenea katika vyumba na korido ambamo hewa imelala. Kwa hiyo njia za kupitia zimewekwa nje, madirisha yamewekwa yakiangaliana, mapangaboi makubwa huizungusha hewa, na taa za urujuanimno huua vijidudu vilivyopanda juu. Vitanda vimeegemezwa katikati ya wodi ili mgonjwa atazame dirishani na bonde lililo nje. Hapo maumbile yamepewa kazi ya tiba. Hospitali hiyo ina saruji na chuma kama hospitali yoyote, na hakuna babu wa Burera aliyewahi kujenga wodi. Anayetafuta asili ndani yake atalikuta jiwe na kuridhika, wakati jambo lililookoa watu ni namna jengo linavyovuta pumzi.

Kiswahili cha mwambao kingekuwa na la kusema hapa. Ni lugha iliyozifanya pepo za kaskazi na kusi kuwa majina ya misimu na pande za dunia, na yenye neno upenuni kwa mahali ambapo mtu hukaa si ndani wala nje. Katika miongozo ya ujenzi wa huduma za jamii, utajiri huo umebaki neno moja, uingizaji hewa, ambalo linasikika kama kazi ya mashine.

Nyasi za Kasubi

Ubishi wa neno asili unafika kilele chake Kasubi, Kampala. Jengo kuu, Muzibu Azaala Mpanga, lilijengwa na Kabaka Muteesa I mwaka 1882 likiwa kasri, na tangu mwaka 1884 likawa kaburi lake na la makabaka watatu waliomfuata. Ni msonge mkubwa wenye kipenyo cha takriban mita 31, paa la nyasi likishuka hadi karibu na ardhi. Ndani, pete 52 za dari huwakilisha koo 52 za Baganda, na nguzo huvishwa kitambaa cha gome la mutuba. Eneo liliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 jengo liliungua.

Kabla ya moto, chini ya nyasi hizo tayari mlikuwa na zege na chuma, vilivyowekwa katika ukarabati wa mwishoni mwa miaka ya 1930. Je, jengo lililoungua lilikuwa la asili? Kwa kipimo cha kifaa, nusu. Kwa kipimo cha tendo, bila shaka yoyote. Kuezeka Kasubi ni wajibu wa ukoo wa Ngeye, si zabuni. Wajibu huo una miiko yake, una wazee wanaoukagua na vijana wanaoupokea. Nyasi zenyewe ni kiumbe cha muda: huoza, huliwa na wadudu, hunyeshewa. Kwa hiyo jengo haliwezi kubaki limesimama bila ukoo kukutana tena na tena juu ya paa lake. Ndiyo maana sehemu kubwa ya hekta zipatazo 30 za kilima hicho, iliyolindwa pamoja na makaburi, ni ardhi ya kulima. Kilima, nyasi na ukoo ni mambo matatu yanayohesabiwa pamoja.

Ujenzi upya ulichukua zaidi ya muongo mmoja, na Septemba 2023 Kasubi iliondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini, ilikowekwa mwaka 2010. Walioulalamikia ucheleweshaji walikuwa na sababu zao, za fedha na za usimamizi. Lakini sehemu ya muda huo ilitumika kufundishana kuezeka, na muda wa namna hiyo haupunguzwi kwa kuongeza bajeti. Luganda kina faida moja hapa ambayo Kiswahili kinaweza kujifunza: hutofautisha obutonde, yaani maumbile, na ennono, yaani kile kilichopokewa na kinachopasa kufuatwa. Kinyarwanda vilevile hutenga kamere na gakondo. Mganda anaweza kusema kwamba zege lilipunguza obutonde wa jengo lakini halikugusa ennono yake. Anayezungumza Kiswahili cha ripoti hubaki na asili, ambayo lazima iwepo au isiwepo.

Neno linapobomoa

Mtu anaweza kuuliza kama haya yote si anasa ya wasomi. Jibu lipo katika historia ya karibuni ya Rwanda. Kampeni ya kutokomeza nyakatsi, nyumba za kuezekwa kwa nyasi, ilifikia kilele chake mwaka 2011. Nia yake haifai kubezwa. Nyumba nyingi za nyasi zilivuja, zilikuwa na giza na moshi, na katika nchi yenye watu wengi hivyo nyasi nzuri za kuezekea zilikwisha kuwa adimu, mabonde yakiwa yamelimwa. Masikini hakuwa akiishi katika urithi, alikuwa akilowa. Hata hivyo mashirika ya kutetea haki yalidai kwamba baadhi ya kaya, hasa za jamii inayoitwa rasmi walioachwa nyuma na historia, zilibomolewa nyumba kabla ya kupata nyingine. Serikali ilikanusha. Uhakiki wa lugha hauwezi kuamua kesi hiyo, ila unaweza kuonyesha kitu kimoja: kigezo kilichotumika kilikuwa kifaa cha paa, si hali ya paa. Nyasi zilizotunzwa na nyasi zilizooza ziliingia katika neno moja. Wakati huo huo, huko Nyanza, kasri la mfalme lililojengwa upya kwa nyasi liliendelea kupokea watalii kama fahari ya taifa.

Kiswahili kina mtego wa aina hiyo hiyo katika msemo nyumba ya kudumu, ambao katika tafiti nyingi za kaya humaanisha nyumba ya tofali la kuchoma au la saruji na bati. Kudumu kumegeuzwa kuwa tabia ya kifaa. Lakini bati hushika kutu, saruji iliyochanganywa vibaya hupasuka, na ukuta wa matumbawe ukivuliwa paa huanza kuliwa na mvua baada ya misimu michache. Kinachodumu ni nyumba yenye mtu wa kuisiriba na kuiezeka, na yenye mahali pa kupata cha kuisiribia. Hayo yanapimika. Mdodosaji anaweza kuuliza paa liliezekwa lini mara ya mwisho, na nani, na nyasi au bati lilitoka wapi, kwa urahisi ule ule anaotumia kuuliza paa ni la nini.

Kwa washauri wa sera, jambo linaloweza kufanywa mapema ni la istilahi. Maumbile yatumike panapokusudiwa kile kisichotengenezwa na mtu, jadi panapokusudiwa kilichopokewa, na asili ibakie katika maana yake ya chanzo, ambayo inalitosha. Maneno yote matatu tayari yamo kamusini. Kazi ngumu zaidi ni ya kukusanya. Kiswahili kilikwisha kupokea tembe na msonge kutoka bara bila kudhurika. Kukandika, kutomea na kusiriba ni vitenzi vyake vyenyewe, vinavyotumiwa na mafundi ambao hawaalikwi katika vikao vya kusanifisha. Kuaka, kwa maana ya kujenga kwa mawe, kunajulikana kwa waashi wa mwambao na si kwa wanafunzi wa usanifu majengo.

Rukarakara ni mtihani wa kwanza uliopo mezani. Rwanda, baada ya miaka mingi ya kuzuia tofali hilo la udongo lisilochomwa katika ujenzi wa mijini, imeliruhusu kwa masharti ya kitaalamu: udongo wa namna gani, msingi wa namna gani, jengo la ukubwa gani. Masharti hayo yatahitaji kusomwa Goma, Bujumbura, Bukoba na Mbarara, ambako udongo unafanana na mafundi huvuka mipaka kutafuta kazi. Mfasiri atakayekaa na waraka huo kwa Kiswahili atakuwa na njia mbili: kuandika matofali mabichi na kuurudisha ukuta jikoni, au kuandika rukarakara, kulitolea fasili, na kuliacha neno lipite mpakani pamoja na fundi wake.